Joto la vifaranga katika kipupwe cha Tabora: mtetea, balbu, chemli au jiko la mkaa?

Anayetaka kuuza kuku chotara wakati wa Krismasi hana budi kupokea vifaranga mwezi Julai au Agosti, kwa sababu Kuroiler na Sasso huhitaji miezi mitatu hadi minne kufikia uzito ambao mnunuzi haulalamikii. Hesabu hiyo ya soko ndiyo inayowafanya watu wengi wa Tabora walee vifaranga katika kipindi kigumu kuliko vyote vya mwaka, yaani kipupwe, usiku unapokuwa mkavu, wenye upepo, na baridi ya kutosha kumfanya mlinzi wa duka aote moto hadi alfajiri. Chakula na chanjo watu huviulizia mapema, lakini suala la joto huachwa mpaka boksi limeshashushwa kwenye basi, na hapo kinachochaguliwa ni kile kilicho karibu na mlango wa jikoni.

Nimelea vifaranga kwa njia zote zitakazotajwa hapa, katika makundi ya kuanzia kumi hadi mia moja na hamsini. Ninayo ninayoipendelea na sitaificha, ila ubora wa kila njia unategemea mambo mawili ambayo mtu mwingine hawezi kukujibia: una vifaranga wangapi, na ni nani katika nyumba yako atakayeamka saa kumi usiku.

Baridi tunayoizungumzia

Mji wa Tabora uko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mchana wa Julai joto hufika nyuzi 28 za Selsiasi hivi, na usiku hushuka kwa wastani hadi karibu nyuzi 15, ingawa zipo siku ambazo hushuka chini ya hapo. Tofauti hiyo ya mchana na usiku ndiyo inayotudanganya, kwa maana mtu akichungulia bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga kwa joto, saa nane mchana huwakuta vifaranga wamechangamka, wanakula na kukimbizana, akaondoka akiamini kwamba joto linatosha. Kigoma mjini, kando ya Ziwa Tanganyika ambalo uso wake uko kwenye mita 770 hivi, watu wana nafuu, kwa sababu maji mengi namna ile hutunza joto la mchana na kulirudisha usiku. Hata hivyo mfugaji wa Kasulu au Buhigwe, kule kwenye vilima, asijihesabu pamoja na wenzake wa Ujiji na Kibirizi. Huyo yuko kundi moja na sisi, na pengine anatuzidi.

Kifaranga wa siku moja amevaa malaika tu, bado hajaota manyoya, na mwili wake hauwezi kujirekebishia joto vizuri mpaka apite siku kumi hadi kumi na nne. Wiki ya kwanza anahitaji mahali penye nyuzi 32 hadi 35, kisha joto hupunguzwa kwa nyuzi tatu hivi kila wiki. Kwa hiyo usiku ambao wewe unajifunika blanketi moja na kulala vizuri, yeye umempungukia nyuzi 18.

Ni vyema kutofautisha mahitaji yake na ya kuku mkubwa, kwa kuwa wengi huyachanganya. Katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, au katika sehemu kubwa ya Kanada, usiku wa majira ya baridi unaweza kushuka hadi nyuzi 20 au hata 30 chini ya sifuri. Wafugaji wa nyumbani wa huko hupambana na maji yanayoganda bakulini, mayai yanayopasuka kwa barafu kabla hayajaokotwa, na upanga wa jogoo unaokufa kwa baridi na kuwa mweusi, ndiyo maana jimbo la Quebec huko Kanada lilizalisha aina ya kuku iitwayo Chantecler yenye upanga mdogo mno. Pamoja na yote hayo, kuku mkubwa mwenye manyoya kamili huimudu baridi ile bila moto, mradi banda liwe kavu na upepo usimpige moja kwa moja. Kinachomdhuru haraka ni unyevu wa pumzi na kinyesi uliofungiwa ndani na mwenye banda mwenye huruma. Tukirudi Tabora, maana yake ni kwamba mtetea au jogoo wako hahitaji jiko hata usiku mmoja wa mwaka. Kanuni ya huko inayotufaa hata kwa vifaranga ni kwamba hewa ipite juu, upepo usipite chini, na maranda yawe makavu.

Mtetea

Kwa vifaranga wasiozidi kumi na wawili, sijaona chombo kinachomshinda mtetea wa kienyeji. Joto la mwili wake ni karibu nyuzi 41, na kifuani, mahali aliponyonyoka manyoya wakati wa kuatamia, ngozi iko wazi kwa ajili hiyo hasa. Kifaranga akisikia baridi hujipenyeza mwenyewe, na akitosheka hutoa kichwa kati ya manyoya ya bawa akawa anatazama nje. Hakuna haja ya kipimajoto wala ya kuamka usiku.

Hata vifaranga wa kununua wanaweza kubambikiwa mama. Mtetea anayeatamia hufuatwa usiku wa giza, bila kumulikwa machoni, ukatoa yai moja na kuingiza kifaranga mmoja chini ya bawa, polepole, mpaka mayai yaishe. Kukipambazuka huwa ameshawakubali na anawaita kwa ile sauti ya kugugumia. Sharti ni kwamba vifaranga wawe wa siku moja au mbili, kwa sababu waliokwisha zoea balbu kwa siku tano hawamfuati, naye huishia kuwadonoa. Kabla ya kufanya hivyo, mfunue manyoya ya tumbo na chini ya mabawa utafute utitiri, maana wadudu waliomkera yeye tu humnyonya kifaranga mpaka akalegea.

Ubaya wake ni kwamba mtetea haagizwi dukani. Kuroiler haatamii ipasavyo, kwa hiyo unamtegemea kuku wa kienyeji ambaye ameamua kuatamia wiki ileile unayotaka wewe. Akishalea, hatagi kwa muda wa miezi miwili hivi, na akiwatembeza vifaranga nje huwaweka mbele ya mwewe, kicheche na kenge. Anayenunua vifaranga mia moja atahitaji mitetea minane au tisa walioatamia siku moja, jambo ambalo kwangu halijatokea.

Balbu na chemli

Balbu ni safi, haitoi moshi, na joto lake hurekebishwa kwa kuinua au kushusha waya. Inayotakiwa ni ile ya kizamani yenye uzi wa ndani, au balbu nyekundu ya wati 250 inayouzwa katika maduka ya pembejeo za mifugo. Balbu za LED, ambazo ndizo zimejaa madukani siku hizi, hazifai hata kidogo, kwa sababu zimetengenezwa kwa shabaha ya kutoa mwanga bila kupoteza umeme kwenye joto, na joto hilo linaloitwa hasara ndilo unalolitafuta. Nimeshaitwa kutazama vifaranga waliokuwa wakilia chini ya mwanga mkali mweupe, mwenye nyumba akishangaa kwa nini taa kali namna ile haiwapashi joto.

Gharama yake inahesabika. Balbu mbili za wati 100 zikiwaka saa kumi na mbili kila usiku hutumia uniti 2.4, na kwa majuma matatu ni uniti 50 na kidogo, kiasi ambacho kila mtu anaweza kukizidisha kwa bei ya uniti anayolipa. Kwangu balbu mbili hizo zimetosha vifaranga 50 katika bruda iliyofunikwa nusu. Ni afadhali mbili za wati 100 kuliko moja ya 200, kwa kuwa moja ikiungua usiku nyingine inabaki. Zifungwe kwa mnyororo au waya wa chuma, zisining'inizwe kwa waya wa umeme wenyewe, na ziwe juu ya maranda kwa sentimita 45 hadi 60. Taa ya joto iliyoanguka kwenye maranda makavu huunguza banda, na nchi zenye baridi kali zinaijua hasara hiyo vizuri kuliko sisi.

Kasoro kubwa ya balbu ni kwamba umeme ukikatika, au uniti za luku zikiisha saa nane usiku wakati wewe umelala, joto lote linaondoka mara moja. Jiko huzimika kwa kupoa taratibu, lakini balbu hukata ghafla, na vifaranga waliokuwa wametawanyika hukimbilia katikati na kupandiana gizani mpaka wa chini wakakosa pumzi. Sola ya nyumbani haiokoi hali hii. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba uniti 1.2 ikiwa imejaa kabisa, ambayo ni nusu ya mahitaji ya usiku mmoja, na haifai kunyonywa mpaka mwisho.

Chemli sina mengi ya kuisemea. Kwa vifaranga wasiozidi 30 katika kasha dogo inafanya kazi, hasa ikining'inizwa mahali ambapo hawataifikia, utambi ukikatwa sawasawa na kioo kikipanguswa kila jioni. Ila mafuta ya taa yameadimika na bei yake haimpendelei mtu, na utambi uliopanda kidogo hujaza masizi chumba kizima, ukakuta asubuhi vifaranga wa manjano wamekuwa wa kijivu. Mimi ninayo moja imening'inia tayari kwa usiku ambao umeme umekatika.

Jiko la mkaa

Hapa ndipo wafugaji wengi wa Tabora wanapoangukia, na sababu zao ni nzuri. Kilo moja ya mkaa mkavu ikiungua yote hutoa joto linalolingana na uniti nane hivi za umeme, yaani zaidi ya mara tatu ya zile balbu mbili kwa usiku mzima. Mkaa wa miombo ni mzito na hukaa, na jiko tayari lipo. Kwa vifaranga mia na zaidi, katika kijiji kisicho na umeme, pale Urambo au Sikonge, sioni njia nyingine inayoweza kuleta joto la kutosha kwa fedha hiyo.

Lakini jiko lina hewa yake. Julai moja niliwaweka vifaranga 60 katika chumba cha matofali ya udongo, nikaziba madirisha kwa magunia na upenyo wa chini ya mlango kwa blanketi kuukuu, nikaingiza jiko lililokwisha kutoa moshi, nikaenda kulala nikiwa nimeridhika. Alfajiri nilipofungua mlango nilipokewa na vuguvugu zuri sana. Vifaranga 41 walikuwa wamelala kifudifudi, shingo zimenyooshwa mbele, kila mmoja peke yake pale alipokuwa amesimama. Jirani alisema ni baridi, na mwanzoni nilikubali, mpaka nilipofikiri kwamba waliokufa kwa baridi hukutwa wamerundikana kwenye kona moja. Hawa hawakuwa wametafuta joto, maana walikuwa nalo.

Kilichowaua ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye mkaa usiopata oksijeni ya kutosha. Imani ya kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi kuisha basi hatari imeisha ni potofu, tena ni ya kuogopwa: moshi ndio unaoonekana, hewa hiyo haionekani, na makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanaitoa. Ndiyo maana ni mwiko mtu kulala katika chumba hichohicho kwa hoja ya kuwalinda vifaranga. Anayetumia jiko aache nafasi wazi juu ya ukuta, upande usiopigwa na upepo. Kwetu kipupwe huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, hivyo nafasi hiyo iwe upande wa magharibi. Chini, kimo cha kifaranga, pazungushiwe hadibodi au mkeka kwa umbo la mduara, lisiwe na kona ya kurundikania.

Jiko lenyewe liwekwe juu ya matofali mawili, lizungushiwe wavu, na juu yake lifunikwe kwa karai lililoinuliwa kidogo kwa mawe ili joto lishuke pembeni badala ya kukimbilia paani. Mkaa ukifunikwa majivu kiasi hukaa zaidi, lakini hata hivyo jiko lililojazwa saa tatu usiku, kwa uzoefu wangu, huwa limechoka kufikia saa tisa, na baridi kali kuliko yote huja kati ya saa kumi na saa kumi na mbili. Kwa hiyo anayechagua jiko amechagua pia kuamka. Kama hakuna wa kuamka, basi jiko, hata liwe kubwa namna gani, halikufai.

Dumu la maji ya moto

Njia hii watu wengi hawaihesabu, nami niliidharau mpaka umeme ulipokatika usiku mbili mfululizo. Dumu la lita 20 likijazwa maji ya nyuzi 80, likavishwa gunia na kuwekwa katikati ya kasha, hutoa karibu uniti 0.9 za joto linapopoa mpaka nyuzi 40. Ni sawa na balbu ya wati 100 iliyowaka saa tisa, isipokuwa hili halina hewa mbaya wala haliwezi kuunguza banda. Joto lake ni kubwa mwanzoni na hupungua alfajiri, kwa hiyo madumu mawili yaliyojazwa kwa kupishana, moja saa mbili usiku na lingine wakati wa kulala, hufanya kazi vizuri kuliko moja.

Siri yake iko kwenye kasha. Liwe dogo, lenye dari ya chini isiyozidi sentimita 30 kutoka kwenye maranda, na dari hiyo iwe gunia lililojazwa nyasi kavu au pumba za mpunga, huku upande mmoja ukiwa na pazia la kitambaa lililochanwachanwa ili vifaranga waingie na kutoka kwenda kula. Hapo vifaranga 25 hutunziana joto la miili yao wenyewe. Wiki ya kwanza dumu peke yake halitoshi kwa Tabora, lakini kuanzia siku ya nane au ya kumi nimekuwa nikizima balbu usiku na kuachia kasha, na uniti zikabaki.

Nani achukue nini

Mama mwenye kuku wa kienyeji watatu wanne uani Isevya au Cheyo, hapa Tabora mjini, anayetaka kuongeza vifaranga kumi, asinunue chochote. Asubiri mtetea aatamie, na awafungie ndani ya tenga asubuhi mpaka jua lipande, kwa kuwa umande na upepo wa saa moja huua zaidi ya usiku uliopita. Mwenye vifaranga 30 hadi 60 mjini, kwenye umeme, napendekeza balbu mbili kwa siku kumi za mwanzo na kasha la madumu baada ya hapo, chemli ikiwa imejazwa mafuta tayari kwa dharura. Mwenye mia moja au zaidi asiye na umeme achukue jiko, ila awagawe makundi: miduara miwili ya vifaranga hamsini yenye majiko mawili madogo ni salama kuliko mmoja wa mia wenye jiko moja kubwa, kwa kuwa likizimika moja hupotezi wote. Na asiye na umeme wala mtu wa kuamka usiku aahirishe. Septemba na Oktoba Tabora huwa na joto la kutosha kupunguza kazi hii kwa nusu, na kuku wake watauzwa Januari kwa bei ndogo, lakini watauzwa.

Chanjo ya mdondo (kideri) ya siku ya saba, ile ya tone la jicho, ifanywe saa tano au saa sita mchana, maana kila kifaranga hutolewa kwenye joto na kushikwa mkononi. Tumia nafasi hiyohiyo kugusisha miguu yake kwenye shavu lako: ikiwa ya baridi, usiku wake haukuwa mzuri, hata kama sasa anakimbia. Gusa na tumbo la chakula chini ya shingo. Lililojaa na laini ni la kifaranga aliyekuwa na joto la kumwezesha kwenda kula. Tupu ni la yule aliyekaa usiku kucha akijikunyata.

Vyovyote utakavyochagua, washa bruda usiku mmoja kabla vifaranga hawajafika, ikiwa tupu, kila kitu kikiwa kama kitakavyokuwa. Laza kipimajoto juu ya maranda, kimo cha mgongo wa kifaranga, umbali wa hatua moja kutoka kwenye chanzo cha joto, kisha uamke saa kumi na moja alfajiri ukakisome. Kikionyesha chini ya nyuzi 30, bado una mchana mzima wa kuongeza balbu, kushusha dari au kuziba upande wa mashariki kabla ya kwenda kupokea boksi lako stendi.